Kicheko cha Sheikh Saadi

Bismillahi Rahmani Rahim. Ama baada ya hayo, enyi ndugu Waislamu, jueni ya kuwa mzaha ni wa namna mbili: uvunjao heshima ya mtu, nao umekatazwa katika Sura ya Hujurat, na uvunjao kiburi cha nafsi, nao ni dawa.

Sheikh Saadi wa Shiraz, katika Gulistan, kitabu alichokitunga kwa Kiajemi mwaka 1258, amesimulia habari za mtu aliyedhaniwa mchaji. Alialikwa na mfalme. Akala kidogo kuliko hamu yake, akasali kwa kurefusha kuliko ada yake, ili asifiwe. Aliporudi nyumbani akataka chakula. Mwanawe mwerevu, alipojua sababu, akamwambia babake aikidhi na ile sala, kwani nayo haikumfaa kitu.

Tazameni hekima ya Saadi: hakumtaja mtu yule kwa jina. Hapana aliyeaibishwa, asomaye hucheka, kisha hujiuliza, «Je, si mimi huyu?» Maana riya, ambayo Mtume (s.a.w.) ameiita shirki ndogo, huila ibada kama mchwa alavyo boriti: haionekani mpaka dari ianguke.

Basi acheke mwenye kucheka, lakini aanze na nafsi yake. Wallahu aalam.