Ardhi Isiyopasuka

Je, ni haki kuipamba ardhi uliyoikusudia vita? Swali hili simuulizi jenerali. Namuuliza raia mmoja wa Uingereza aliyeketi sebuleni kwake na kopo la rangi, anapaka kipande cha mpira.

Mchezo wenyewe ni huu. Watu wazima wawili, akili zao timamu, wanapanga vijiaskari vya plastiki au vya madini juu ya meza, wanapima mwendo wao kwa rula, na dadu ndiyo inayoamua nani kafa. Lakini askari hasimami hewani. Anataka barabara, mto, handaki, shamba lililolimwa. Vingine kati ya vipande hivyo hutengenezwa kwa mpira laini, kwa kuwa mpira hulala juu ya kilima cha mezani bila kuvunjika, na mchezo ukiisha unaukunja na kuutia katika mtoto wa meza.

Kuupaka rangi ndiko kwenye kazi. Kwanza unauosha kwa sabuni, maana hutoka kwenye kalibu na mafuta yanayoikataa rangi. Rangi ya mafuta usijaribu: ikikauka inakuwa ngumu, na siku ukiukunja mpira, inapasuka. Inatakiwa akriliki, ile ya kuchanganya na maji, ambayo hata ikikauka hupindika. Wengine huikoroga pamoja na utomvu wa mpira wenyewe. Unaanza na kahawia iliyokoza mpaka ndani ya mifereji. Halafu unachovya brashi kwenye rangi nyepesi, unaifuta kitambaani hadi ikaribie kukauka, unaipitisha juu juu tu. Kumbe! Matuta yanainuka kama yamepigwa na jua la saa kumi. Ni uongo, lakini uongo wa fundi, nami nauheshimu.

Sasa lile shamba, pamoja na uzuri wote huo, mezani lina maana moja: askari akiliingia mwendo wake unapungua, katika kanuni nyingine unabaki nusu. Basi. Nani alilima? Alipanda nini? Kanuni hazina habari. Na likikunjwa halina hata mkwaruzo.

Ardhi ya kweli haikunjwi. Karibu na Verdun, Ufaransa, kipo kijiji kiitwacho Fleury kilichofutwa na makombora mwaka 1916. Hakikujengwa tena. Hadi leo kina meya wa kuteuliwa, lakini mkazi hata mmoja hakina. Na wakulima wa Ufaransa na Ubelgiji bado wanaibua kwa majembe ya trekta mabomu ya vita ile ile.

Wapo watakaosema, acha bwana, heri wafe vijiaskari kuliko watu. Hoja hiyo aliitoa zamani mtunzi wa riwaya, H. G. Wells, katika kitabu chake Little Wars cha mwaka 1913: kwamba ukicheza vita vidogo utaona jinsi vita vikubwa vilivyo upuuzi. Mwaka uliofuata vita vikubwa vikaja, na yeye yule akaandika kuwa hivi ndivyo vitakavyokomesha vita vyote. Simcheki. Ila naona meza ilimwonyesha mwendo wa majeshi, haikumwonyesha mwenye shamba.

Simwambii mpaka rangi aweke brashi chini. Angalau achore kijinjia chembamba cha miguu kinachokatiza matuta, cha mtu aliyekuwa akienda kuteka maji.

Na sisi tunaoota kuwa watunzi je? Madaftari yetu yamejaa vijiji vilivyozaliwa ili viungue sura ya pili. Tunavipaka moshi, tunavipaka machweo mekundu, shujaa anapita, tunavikunja. Hebu fungua hadithi uliyonayo sasa hivi, umtafute yule mama ambaye nyumba yake imeungua. Shambani alikuwa amepanda nini?