Nyama Nisiyoiona Ikichinjwa

Mbuba ng'ombe huchinjwa alfajiri, mimi nikiwa bado nimejifunika blanketi, maana baridi ya Ngara haina mzaha na mtu aliyezaliwa Pangani. Nikitoka shuleni saa nne, wakati wa mapumziko, kazi imekwisha: paja linaning'inia buchani, supu inatokota kwa mama ntilie, chapati zimepangwa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Nani alishika kisu? Alitamka nini alipokishika? Sikuwapo. Nami nafundisha hisabati. Mwanafunzi akiniletea jibu bila njia, namrudishia daftari.

Waislamu hapa ni wachache. Wilaya hii ni ya Wakatoliki wa Jimbo la Rulenge-Ngara na ya Waanglikana, ambao kanisa lao kuu liko Murgwanza. Mama yangu akipiga simu, salamu zikiisha tu, swali ni moja: "Mwanangu, unakula wapi?" Haniulizi ninakula nini. Anajua ndizi zipo.

Mwanzoni nilijificha kwenye maharage. Wala sikuteseka, maana mtu ambaye hajala ndizi zilizopikwa pamoja na maharage mpaka zikashikana, kwenye sufuria lililofunikwa kwa majani ya mgomba, asinisimulie habari za maharage. Nilizunguka migahawa yote iliyo jirani na shule. Kuna pale penye mabenchi marefu, ambapo ugali wa muhogo huja umevimba kama mto wa kulalia na dagaa huwa na pilipili ya kutosha. Kuna kibanda cha chai ya maziwa na maandazi, ambacho husimulia habari zote za kata kabla mwenyekiti hajazipata. Kuna banda la chipsi, ambako jioni ya Jumamosi harufu ya kitimoto hupita hadi barabarani, nami hupita haraka zaidi yake. Kila nilipoketi niliagiza maharage, nikajiona nimesalimika.

Lakini akili ya mahesabu haitulii. Sufuria hilo jana lilipikiwa nini? Mwiko umetoka chungu gani? Mafuta yaliyokaanga sambusa yalianza safari yao wapi? Aliyeamua kuhakikisha kila kitu hana pa kusimama, kwa sababu nyuma ya kila jibu kuna mtu mwingine wa kuulizwa, na nyuma yake mwingine.

Dharura ina mlango wake. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco, hapa hapa wilayani. Mtu wa hali hiyo sheria haimbani. Mimi nina mshahara na jiko la gesi. Ningeweza kusonga ugali wangu, nikafunga mlango, nikala. Wapo walimu wanaofanya hivyo, na siwalaumu. Ila usafi wa mtu anayekula peke yake sikuutamani. Kijiji humjua mgeni kwa meza anayoketi, na asiye na meza hujulikana kwa hilo.

Kwa hiyo nikarudi vitabuni. Katika Hadithi, Bi Aisha anasimulia kwamba watu walimwendea Mtume wakasema: kuna kaumu wanatuletea nyama, hatujui kama walilitaja jina la Mwenyezi Mungu au hawakulitaja. Jibu alilowapa lilikuwa fupi: litajeni nyinyi, mle. Hakutuma mtu akachunguze. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika mlango wa halali na haramu wa kitabu chake Ihya, anamwonya mcha Mungu asimhoji mwenyeji ambaye hana dalili ya ubaya: ukitaka kujihadhari, acha kula kwa upole, lakini kumuuliza ni kumuumiza. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba anayeuliza sana ndiye anayemwogopa Mungu sana.

Mwalimu wa dini wa Kikristo, ambaye meza yake imegusana na yangu ofisini, akaniambia Paulo naye aliwaandikia Wakorintho jambo linalofanana, miaka ishirini na kitu baada ya Yesu kuondoka. Nyama nyingi ya soko la Korintho ilipitia kwenye mahekalu ya miungu. Akawaambia wale kinachouzwa sokoni bila kuuliza. Ila mtu akikwambia waziwazi kwamba hii imetolewa sadaka, usile, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyekwambia.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishika. Inaondoa mzigo wa kupeleleza kwa anayekula, halafu inaacha mlango mmoja wazi: kuambiwa. Na kuambiwa si kazi yangu. Ni kazi ya anayepika.

Ilikuja kutokea hivyo hasa. Siku moja nilichoka na maharage, nikaelekeza kidole kwenye sufuria la rosti. Mama mwenye mgahawa, Mkatoliki mwenye rozari shingoni, akarudisha mfuniko. "Mwalimu, hiyo ya leo usile. Mzee hakuwepo, alichinja kijana wetu. Kesho mzee atakuwepo." Mzee ni Mwislamu anayeitwa kuchinja. Mama alipoteza sahani iliyokuwa imeshauzwa, na hakuna ambaye angejua. Tangu siku ile nyama yake naila bila kumuuliza neno. Bado sijui lolote kuhusu alfajiri ya Mbuba. Ninachokijua ni kwamba pakiwa na la kusemwa, nitaambiwa. Hesabu hiyo ina njia yake, ingawa si ile ninayowafundisha watoto.

Ila hapo pana deni, na sipendi kulipita. Aliwahi kuniuliza akifuta meza, bila ukali: "Sisi cha kwenu tunakula kila siku. Cha kwetu mnaogopa nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Mazoea ya nchi yetu ni kwamba kisu cha machinjio huachiwa Mwislamu ili wote wale, na Mkristo amevumilia. Uvumilivu wa upande mmoja una kikomo. Februari 2013, Buseresere, jirani na Katoro, ugomvi wa nani achinje ulifika mpaka mchungaji mmoja akauawa. Mimi siamini kwamba pale watu walikuwa wakibishania usafi wa nyama. Walibishania nani anyenyekee kwa nani, na ng'ombe akatumika kama kisingizio.

Qurani, katika Sura ya Maida, inasema wazi kwamba chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwetu. Sisi wa pwani tuliolelewa katika madhehebu ya Shafi tunaongezewa sharti: wazee wa huyo mchinjaji wawe waliingia dini yao kabla haijafutwa na iliyofuata. Kwa kipimo hicho Wakristo wa mkoa huu wa Kagera wote wako nje, kwa kuwa hata misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, ilifunguliwa na mapadri wa White Fathers mwaka 1892. Nawaheshimu waliolichambua jambo hilo. Walikuwa na sababu zao na zama zao. Lakini nilipomtazama mama aliyerudisha mfuniko, nilishindwa kuupima ukweli wake kwa tarehe ya ubatizo wa babu yake.

Krismasi akanialika nyumbani kwake. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mgomba. Akanivuta pembeni: "Mwalimu, nimtume mtoto amwite mzee? Kama hapana, mume wangu yupo na kisu kiko tayari." Nikamwambia achinje baba mwenye nyumba. Alichinja baada ya kupiga ishara ya msalaba na kusali kidogo kwa Kihangaza. Mimi nikaketi na wajomba zake kwenye mkeka, nikasema Bismillahi yangu chakula kilipofika, na tukala mpaka sinia likaanza kung'aa chini.

Nilipomsimulia shehe wetu wa Pangani wakati wa likizo, alisema nimeshika kauli nyepesi. Inawezekana. Alifikiri kidogo, kisha akataka kujua kama mbuzi huyo walimchanganya na ndizi au walimpika peke yake.