Amana ya Mwenye Kumtafuta Aliyepotea

Watu wameshindana tangu zamani juu ya kipimo cha wema: je, tendo la kheri hupimwa kwa niya ya mwenye kulitenda, au kwa faida iliyopatikana? Wenye kushika kauli ya kwanza husema kwamba aliyekusudia kheri amekwisha tenda kheri. Na wenye kushika ya pili husema kwamba shamba halisifiwi kwa jembe, husifiwa kwa mavuno. Mwenye kutaka kuona upungufu wa kauli zote mbili na aitazame kazi moja ifanywayo Marekani.

Katika majimbo ya magharibi ya nchi hiyo, kama California na Colorado, mna milima na misitu mikubwa, na watu hupotea humo: wawindaji, wasafiri wa miguu, watoto, na wazee waliopungukiwa na kumbukumbu. Dhamana ya kuwatafuta ni ya sherifu, naye ni mkuu wa polisi wa wilaya. Walakini wengi wa watendao kazi hiyo ni watu wa kujitolea, wasiopokea mshahara. Miongoni mwao wako wapanda farasi. Farasi ni mali yao wenyewe. Na chakula chake, na gari la kumchukulia, hutoka mfukoni mwao.

Farasi hakuchaguliwa kwa fahari. Aliye juu yake huona kupita vichaka vinavyomziba mwenye kwenda kwa miguu. Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa, basi huona karibu pande zote. Na kila sikio lake hugeuka peke yake. Naye ni mnyama wa kuwindwa, na tabia yake ni kutahadhari. Huweza kusimama akaelekeza masikio kichakani kabla bwana wake hajasikia kitu. Mpandaji mjuzi huiheshimu khabari hiyo, akaenda kuangalia.

Sasa na aje mwenye niya njema tu. Ana farasi na ana huruma, lakini farasi wake hajazoezwa ngurumo ya helikopta, wala turubali lipigwalo na upepo, wala njia nyembamba usiku. Na yeye mwenyewe hajui dira, wala ramani, wala kufunga jeraha. Farasi akishtuka akamwangusha bondeni, waliokuwa wakimtafuta mtu mmoja sasa wana wawili. Huyo ni kama asiyejua kuogelea akajitupa majini kumwokoa mwenye kuzama: huruma yake ni ya kweli, na maji hayaiulizi. Basi kheri ya mpandaji wa kweli ilianza siku za mazoezi, siku ambazo hakuna aliyepotea wala hakuna wa kumsifu.

Na kauli ya pili je? Nchi ya kutafutwa hugawanywa mafungu, kila kikundi kikapewa lake. Aliyepotea yuko katika fungu moja tu, kwa hivyo wengi wa watafutaji hurudi mikono mitupu. Je, wamepata khasara? Hasha. Aliyelipekua bonde lake sawasawa, akarudi akasema, “Hayumo,” amewapunguzia wenzake mahali pa kutafuta.

Lakini hapa ndipo penye amana nzito. Mtu amechoka, jua limekuchwa, na limebaki korongo moja lenye miiba. Akilipita kwa mbali, kisha akasema kwamba amelitafuta, hakuna atakayemjua. Walakini neno hilo moja laweza kuwageuza watu wote waliache korongo lile; na ikiwa aliyepotea amelala humo, hakuuawa na baridi peke yake, ameuawa na uwongo pia. Lau angalisema, “Hapa sikufika,” angaliona haya kidogo, na mwenzake angalikwenda asubuhi.

Basi niya ni mlango wa wema, na matokeo yako mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Yaliyo katikati ndiyo aulizwayo mtu: je, alijitayarisha? Na je, alisema kweli juu ya mahali alipofika na asipofika? Hukumu hii haiwahusu wapanda farasi peke yao. Mwenye kuhesabu mali ya mayatima, na mwenye kukesha zamu, na mwenye kukagua chombo kabla hakijatweka, kila mmoja ana korongo lake lenye miiba. Na ajiulize, kabla ya kusema “Nimeangalia,” kama ameangalia kweli.