Kufika na Kufikishwa

Yako maneno ambayo mwalimu wa Kiswahili huyafundisha miaka mingi, akayaandika ubaoni na kuyasahihisha katika madaftari, lakini asiipate maana yake mpaka siku aambiwe yeye mwenyewe. Neno la namna hiyo mimi nililipata Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula nchini Zambia, ukingoni mwa Ziwa Mweru.

Mimi na mke wangu tulikuwa tumesafiri kwa gari kutoka Kasama, kwa njia ya Mporokoso na Kawambwa. Tulipotoka Kawambwa kuelekea Mbereshi, tulipita karibu na maporomoko ya Ntumbachushi, ambapo maji huteremka juu ya majabali. Mke wangu aliomba tupumzike hapo kidogo, apate kukaa juu ya mwamba na kutia miguu majini. Nami nilikuwa nimekwisha kuazimia kuliona ziwa kabla jua halijatua. Nikamjibu kwamba majabali hayaendi popote, tutayaona siku ya kurudi. Hakusema neno. Tukateremka katika bonde la Luapula, na jioni tukawasili.

Jua lilikuwa likizama upande wa Kongo, na maji yalikuwa mekundu hata upeo wa macho. Wauza samaki walikuwa wakikusanya vitu vyao. Wengi walisema Kibemba, lakini hapa na pale nilisikia Kiswahili cha watu wa ng'ambo. Nikafurahi kama mtoto, nikasema, "Tumefika!" Mke wangu akalitazama ziwa, kisha akanitazama mimi, akasema, "Bwana, wewe umefika. Mimi nimefikishwa."

Msomaji aliye mwalimu hahitaji kuelezwa tofauti iliyopo. Kufika ni kauli ya kutenda. Mwenye kufika ametumia miguu yake na nia yake. Kufikishwa ni kauli ya kutendeshwa; humo nia ni ya mtu mwingine, na hata mzigo hufikishwa. Sisi wawili tulikuwa tumepanda gari moja, tumepita njia moja, tumesimama mbele ya ziwa moja, na kumbe tulikuwa tumefanya safari mbili. Basi nikaanza kujiuliza: safari ya watu wawili ni ya nani? Na je, mtu aweza kusema kwamba amekwenda na mwenzake, ikiwa mwenzake amekwenda naye tu?

Usiku ule nilimkumbuka msafiri mwingine aliyefika katika ziwa hilo. David Livingstone aliliona Ziwa Mweru mwezi wa Novemba mwaka 1867, akiwa katika nchi zilizokuwa zikipitwa na misafara ya wafanya biashara kutoka Unguja na mrima. Kutoka hapo alikwenda mpaka kwa Mwata Kazembe. Wakati huo alikuwa mgane. Mkewe, Mary Moffat, alikuwa amefariki mwaka 1862 huko Shupanga, kando ya mto Zambezi, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Vitabu vingi humsifu mume kwa safari zake. Ni vichache vinavyouliza habari za safari za mke.

Mary hakuwa mgeni katika Afrika. Alizaliwa kusini mwa bara hili mwaka 1821, akakulia Kuruman, akasema Kitswana tangu utotoni. Alipozaa mtoto wake wa kwanza, watu wakamwita Ma-Robert, kama vile sisi tunavyomwita mwanamke Mama Fulani. Mwaka 1850 mumewe alimchukua pamoja na watoto watatu kuvuka jangwa la Kalahari, naye ni mjamzito. Watoto wakashikwa na homa, ikabidi warudi, na yule aliyezaliwa baada ya safari hiyo akafa akiwa mchanga wa wiki chache tu. Mwaka uliofuata, 1851, safari ikaanza tena, na Mary alikuwa mjamzito tena. Mama yake mzazi aliandika barua kali ya kupinga, lakini haikusaidia kitu. Wakapotea njia katika nchi kavu, maji yakaisha, watoto wakalia kwa kiu, mpaka watu waliokwenda kutafuta maji waliporudi nayo. Livingstone mwenyewe aliandika baadaye kwamba mke wake hakutamka hata neno moja la lawama, bali macho yake yenye machozi ndiyo yaliyoonyesha uchungu wake.

Hapa sharti tutue. Mume aliyaona yale machozi, akayaelewa, na hata akayaandika. Wahenga wetu walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Basi ikiwa mshindo huo ulimfikia, ulibadili nini? Kuona uchungu wa mwenzio ni jambo moja. Kuukubali uamue njia ya kesho ni jambo jingine kabisa. Wengi wetu ni hodari wa lile la kwanza. Mimi nami nilikiona kimya cha mke wangu pale Ntumbachushi, nikakihesabu kuwa ridhaa kwa sababu kilinifaa.

Najua yuko atakayenipinga. Atasema: Mary alikwenda kwa hiari yake, hakufungwa kamba. Tena atasema kwamba wawili wakingojeana siku zote hawatafika popote, na kwamba chombo hakiendi kwa manahodha wawili. Hoja hizi si za kudharauliwa. Lakini tuitazame hiyo hiari. Mwaka 1852 Mary na watoto walipelekwa Uingereza, wakakaa huko zaidi ya miaka minne bila makao ya kudumu, wakati mume akivuka bara kutoka Luanda mpaka Quelimane. Kwa hiyo milango iliyokuwa wazi kwake ilikuwa miwili: kufuata jangwani, au kuachwa mbali. Mtu akichagua mmoja kati ya milango miwili ambayo yote ameifungua mwingine, hatuwezi kusema kwamba nyumba ni yake. Mwaka 1858 Livingstone alipokwenda kuichunguza Zambezi, alikuwa na meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Ma-Robert, kwa heshima ya mkewe. Mary alikuwa ameachwa njiani kwa sababu ya ujauzito, na aliporudi mwaka 1862, meli ilikuwa imekwisha kuzama. Jina lake lilisafiri katika mto ule bila yeye.

Ama kuhusu nahodha, ni kweli kwamba usukani hushikwa na mmoja. Lakini kushika usukani si kumiliki safari. Kiongozi hodari naye hukosea, na akiwa amezoea kutopingwa, hana wa kumwambia. Livingstone alipofika Mweru alikuwa akitafuta chanzo cha mto Nile. Maji ya Mweru hutoka kwa mto Luvua, yakaingia Lualaba, na yeye alifikiri kwamba Lualaba ndiyo Nile. Kumbe ni Kongo. Sisemi kwamba mwanamke angaliweza kumwonyesha kosa hilo. Nasema kwamba shabaha ambayo kwa ajili yake tunawanyima wenzetu mapumziko yaweza kuwa si sahihi kama tunavyoidhani.

Lakini habari haikuishia hapo, na mwisho wake ndio ulionifundisha zaidi. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia. Moyo wake ukazikwa pale pale, na mwili wake ukachukuliwa na wenzake, wakiwamo Susi na Chuma, kwa safari ndefu ya miguu mpaka Bagamoyo. Aprili 1874 ukazikwa London. Mkewe amelala Shupanga. Mtu aliyewatangulia wengine maisha yake yote, mwisho hakufika, bali alifikishwa.

Hivyo sikubali tena kwamba kufikishwa ni aibu. Sote tulifikishwa duniani, na sote tutafikishwa kaburini kwa mikono ya wengine. Aibu ni kumfikisha mtu mzima mahali ambapo hakuulizwa, kisha kumwambia "tumefika". Kiswahili kina kauli nyingine iliyo bora kuliko hizo mbili, nayo ni ya kutendana. Kufuata kuna wa mbele na wa nyuma. Kufuatana hakuna. Hata ndoa yenyewe, mume huoa na mke huolewa, lakini watu wakiisha kuishi vema pamoja twasema wameoana. Silabi ile ndogo, *na*, ndiyo yenye mzigo wote: kwamba kila mmoja ana haki ya kusema "tupumzike hapa", na neno lake likasimamisha gari.

Asubuhi yake nilimwuliza mke wangu tuondoke saa ngapi. Akasema hatuondoki leo. Tukakaa ukingoni siku nzima, yeye akizungumza na wauza samaki, mimi nikiwa sina shughuli. Siku ya kurudi mvua ilinyesha tangu alfajiri, na njia ya kwendea maporomoko ikawa matope matupu, isiyopitika kwa gari letu. Majabali yalikuwako palepale, kama nilivyosema. Sisi ndio hatukuweza kuyafikia.