Sifa za Shujaa na Siku za Utakaso: Swali la Maadili katika Mighani

Utangulizi

Miongoni mwa maswali ambayo uhakiki wa mighani huyaepuka ni hili: je, ni haki fasihi imsifu shujaa kwa matendo ambayo historia ingemshitaki kwayo? Kwa kawaida swali hili huachiwa wanafalsafa, naye mhakiki hujishughulisha na fani ya majigambo, taswira za mkuki na ngao, na miujiza inayoambatana na kuzaliwa na kufa kwa shujaa. Hata hivyo, pana mahali ambapo swali lenyewe halikubali kuachwa. Sigowet, katika Kaunti ya Kericho, ni mahali pa namna hiyo. Hapa nchi ya Wakipsigis huteremka kutoka mashamba ya majanichai hadi kwenye joto la uwanda wa Ziwa Viktoria na kupakana na Waluo wa Nyakach. Soko la Sondu, lililo karibu, huwakutanisha na Wagusii pia. Mtu anayeuziana nao mahindi siku ya soko aweza kuwa mjukuu wa yule ambaye, katika masimulizi ya murenik, yaani wapiganaji wa Kikipsigis, hutajwa kama adui aliyetekwa ng'ombe wake. Msimulizi anaposifu, jirani naye anasikia.

Makala haya yanashikilia kwamba kusifu si kosa. Kosa huingia pale fasihi inapohifadhi sifa za shujaa na kuusahau utakaso ambao jamii yenyewe iliuambatanisha na sifa hizo.

Uungwana na Mipaka Yake

Yafaa kuanza na mpanda farasi wa Ulaya ya enzi za kati, kwa kuwa yeye ndiye shujaa ambaye habari zake zimeenea mno duniani. Katika historia, huyu alikuwa mtu wa vita na wa ardhi: alipewa shamba pamoja na watu wa kulilima, naye akalipa kwa upanga wake. Mwaka 989, maaskofu waliokutana Charroux, Ufaransa, walitangaza laana juu ya wote walioyapora makanisa na kuwanyang'anya maskini mifugo yao. Laana hiyo ni ushahidi, maana halikatazwi jambo lisilotendeka. Karne mbili baadaye, Chrétien de Troyes alipotunga hadithi zake za mashujaa wa Mfalme Arthur, mporaji yule alikuwa amekwisha kuvikwa joho la uungwana.

Neno hili, uungwana, lastahili kutazamwa kwa makini. Katika miji ya Waswahili muungwana alikuwa mtu huru, mwenye nasaba na adabu. Lakini hadhi hiyo ilipata maana kwa kuwapo mtumwa ambaye hakuruhusiwa kuidai. Huko Ulaya nako mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mpanda farasi aliyetekwa alitunzwa hadi jamaa zake walipomkomboa kwa fedha; mkulima aliyechomewa ghala hakuwa na wa kumfidia. Adabu ya vita ilikuwa adabu baina ya wenye farasi.

William Marshal, aliyefariki mwaka 1219, ni mfano mzuri. Baada ya kifo chake mwanawe aligharimia utungaji wa utenzi mrefu kwa Kifaransa, unaomsifu baba huyo kuwa kielelezo cha uungwana. Utenzi huo huo unasimulia kwamba, alipokuwa kitandani akingoja mauti, alikumbushwa mafundisho ya watu wa dini kuwa mtu sharti arudishe alichoteka. Naye akajibu kwamba alikuwa amewateka wapanda farasi 500 na kuchukua farasi na silaha zao, wala hakuwa na njia ya kuvirudisha vyote. Mtunzi alikusudia kusifu, lakini hakulificha deni. Kwa sababu hiyo utenzi wake una uzito ambao sifa tupu hazina.

Siku Nne kando ya Mto

Deni hilo la damu lilitambuliwa pia na sheria za dini. Baada ya mapigano ya Hastings ya mwaka 1066, maaskofu wa Normandy walitoa amri kwamba aliyejua kuwa ameua katika vita vile atubu mwaka mmoja kwa kila mtu aliyemuua. Ajabu ni kwamba amri hiyo iliwahusu washindi, watu walioamini kuwa haki ilikuwa upande wao.

Jambo la namna hiyo lilipatikana pia katika Bonde la Ufa. A. C. Hollis, katika kitabu alichochapisha mwaka 1909 kuhusu Wanandi, ambao ni ndugu wa Wakipsigis kwa lugha na mila, anaeleza desturi iliyomhusu mpiganaji aliyeua mtu wa kabila jingine. Alijipaka rangi nyekundu upande mmoja wa mwili na nyeupe upande wa pili. Mkuki na upanga wake navyo vikapakwa vivyo hivyo. Kwa siku nne alihesabiwa kuwa najisi. Hakuruhusiwa kurudi nyumbani. Alijijengea kibanda kando ya mto, akajitenga na mkewe, akala vyakula maalumu tu, na mwisho akanywa dawa ya gome la mti ili asafike.

Yamkini mtu atapinga kwamba desturi hiyo ilimkinga muuaji dhidi ya mzimu, wala haikutokana na kumhurumia aliyeuawa. Pingamizi hilo lina nguvu. Lakini hata hofu ya mzimu ni namna ya kukiri: aliyelazwa chini alikuwa na nafsi, na damu yake haikuwa maji. Jamii iliyomhitaji mpiganaji ilimzuia mlangoni kwanza. Mighani, kwa upande wake, humpitisha moja kwa moja hadi ngomani.

Mkate wa Saada

Hata fasihi ya Kiswahili ina kisa kinachofaa kusomwa kwa jicho hili. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa amefungwa gerezani na walinzi humnyang'anya vyakula vizuri anavyoletewa. Anaokolewa na tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, na anayeubeba mkate huo ni Saada, kijakazi. Wahakiki huyarudia mara kwa mara masuala ya usaliti wa mwana na sindano ya shaba. Saada huachwa kama daraja ambalo msafiri amekwisha kulivuka. Lakini bila ya mtu huyu asiye huru, muungwana asingeupata uhuru wake. Utenzi umemhifadhi, ni usomaji ndio uliomsahau. Kumrudisha katika mjadala ni utakaso ulio ndani ya uwezo wa mhakiki.

Hoja ya Walionyang'anywa

Pana hoja nzito zaidi dhidi ya msimamo huu, nayo ni kwamba watu walioonewa wanahitaji mashujaa wasio na doa. Historia ya Kericho na Nandi inaipa nguvu. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 huko Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliolemazwa na vita: ardhi kwa upanga, kama zama za wapanda farasi. Kilimo chao cha kitani kilianguka, na majanichai ya makampuni yakafuata. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, uliotoa viongozi wa kidini wa Wakipsigis, uliamriwa kuhamishiwa Gwassi. Kwa watu waliotendewa hayo, masimulizi ya murenik yalikuwa ukumbusho kwamba hawakuzaliwa wawe vibarua. Sifa hizo zilikuwa na kazi ya haki.

Hata hivyo, sifa isiyo na masharti huweza kuazimwa na yeyote. Machafuko yaliyoanza Meteitei, Nandi, mwezi Oktoba 1991 yalifika mpaka wa Sondu mwaka 1992. Wavamizi wenye pinde na mishale waliitwa wapiganaji wa Kikalenjin, jina lililokopwa kutoka kwa murenik wa zamani. Kamati ya bunge ya mwaka 1992, na baadaye Tume ya Jaji Akiwumi iliyoteuliwa mwaka 1998, zilielekeza kidole kwa wanasiasa. Jina la kale lilikuwa limerejeshwa bila ya masharti yake: mkuki ulikumbukwa, kibanda cha kando ya mto kikasahauliwa. Mwaka 2023 watu waliuawa tena Sondu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na shujaa akisifiwa pasipo kuulizwa, wajukuu wake huweza kudhani kwamba damu haihitaji kuoshwa.

Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kwamba mighani iondolewe madarasani, wala kwamba msimulizi wa Sigowet aone haya kwa ajili ya babu zake. Kinachopendekezwa ni usomaji unaouliza jambo moja zaidi baada ya fani na maudhui: usiku wa kwanza baada ya vita, shujaa alilala wapi, na ni nani aliyelia ng'ambo ya pili ya mto? Mighani inayoweza kujibu inastahili kusimuliwa hata mbele ya jirani. Ile isiyoweza haina budi kufundishwa pamoja na swali hilo, ili mwanafunzi wa Kipsigis na mwenzake wa Kiluo, wakiwa kwenye dawati moja, waisikilize bila ya mmoja kuona fahari kwa kile kinachomtia mwenziwe hofu.