Mikono Iliyotoka Misri

Tafakari ya wiki
Masomo: Kutoka 5:6–18, 31:1–6, 35:30–35, Kumbukumbu la Torati 22:8



Kule Misri wana wa Israeli walifyatua matofali, na kazi yao ilikuwa na kipimo kimoja tu: hesabu ya siku. Walipoomba ruhusa ya kwenda jangwani kumtolea Mungu sadaka, Farao aliwanyima majani ya kuchanganya na udongo, lakini akataka matofali yaleyale kwa idadi ileile. Hakuna aliyewauliza tofali linajenga nini, wala nani atakaa ndani ya nyumba hiyo. Mikono ilitumika, akili ikaachwa nje.

Mikono hiyohiyo ndiyo tunayoikuta jangwani. Mungu anamtaja kwa jina Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, anamjaza Roho wake, hekima na maarifa, ili abuni kazi za ustadi, afue dhahabu, fedha na shaba, akate vito na kuchonga mbao. Musa alikuwa ameonyeshwa mlimani mfano wa maskani, lakini ilibidi apatikane fundi wa kuuhamishia mfano huo kwenye mti wa mshita na singa za mbuzi. Tena sura ya 35 inaongeza jambo ambalo huwa tunalipita haraka: Bezaleli na mwenzake Oholiabu, wa kabila la Dani, walitiwa moyoni pia uwezo wa kufundisha. Taifa lililozoea kuamriwa lilihitaji walimu wa kubuni.

Nchi yetu iliona haja hiyo mapema. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa sera ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isiyotenga kitabu na kazi. Tangu hapo watoto wa shule za msingi wamefundishwa kazi za mikono chini ya masomo mbalimbali, likiwamo Stadi za Kazi. Majina yamebadilika, nia imebaki. Tatizo ni kwamba Farao naye anajua njia ya kuingia darasani. Mtoto anaambiwa alete ufagio aliotengeneza mwenyewe. Mama anaupitia sokoni jioni. Kesho yake mwalimu anahesabu mafagio na kutia alama. Jembe nalo tumelifanya adhabu ya aliyechelewa shule. Simlaumu mwalimu mwenye darasa lililofurika na mkasi mmoja. Nasema tu kwamba hesabu ikitimia, tunadhani somo limefundishwa.

Tuchukue kibuyu chirizi kilicho karibu na choo cha shule. Dumu la lita tano limetobolewa kwa msumari karibu na mdomo, likatundikwa kwenye mti uliolala juu ya nguzo mbili. Kamba inashuka kutoka shingoni mwa dumu hadi kwenye fimbo iliyo chini. Ukikanyaga fimbo, dumu linainama na maji yanachirizika; mkono uliotoka chooni haugusi kitu isipokuwa sabuni. Darasa la nne wanaweza kukitengeneza asubuhi moja, mwalimu akawapa alama, wakaondoka.

Sasa mwalimu na amwite mtoto wa darasa la kwanza aje kunawa. Maji yanamwingia kwenye mikono ya sweta, kwa sababu dumu limetundikwa kwa kimo cha waliolitengeneza. Aje na yule anayetembea kwa magongo: hawezi kusimama kwa mguu mmoja akakanyaga. Hapo ndipo somo linapoanza. Nguzo zinapunguzwa. Mmoja anapendekeza kamba ya pili, ya kuvutwa kwa kiwiko. Mwingine ameona tope, anakwenda kutafuta kokoto za kumwaga chini.

Torati ina sheria inayolijua jambo hili. Ukijenga nyumba mpya, weka ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Dari za wakati ule zilikuwa bapa na watu walipanda huko. Mungu anamtaka mjenzi amfikirie mgeni ambaye bado hajabisha hodi. Kumbe upendo wa jirani unaweza kupimwa kwa futikamba: kimo cha ukingo, kimo cha dumu. Mtoto aliyeishusha nguzo kwa ajili ya mdogo wake ameitii amri hiyo akiwa na nyundo mkononi.

Basi, wazazi, msinunue ufagio. Mwacheni mtoto afunge chelewa zake mwenyewe. Ufagio wa kwanza utamwaga njiti sebuleni, naye ataona kwamba fundo lilikuwa legevu. Wa pili ataukaza kwa kamba mbili. Walimu, jaribio la pili lipeni alama nyingi kuliko la kwanza. Nanyi maseremala, mafundi cherehani na mafundi baiskeli mnaokaa viti vya nyuma kila Jumapili, karama yenu haikuishia kwenye karakana. Mwombeni mwalimu mkuu saa moja kwa wiki, mwende na mabaki ya mbao na vitambaa. Tuanzie hapahapa: watoto wa shule ya Jumapili waangalie ngazi za kanisa letu, wawaulize wazee wanavyopanda, kisha watuletee mchoro wa kishikio. Baraza la wazee liukague kama kazi ya fundi yeyote, na ukifaa, tuujenge.

Swali la wiki: Ni kazi gani ninayomfanyia mtoto ambayo angejifunza zaidi kama ningemwacha aikosee?

Tuombe: Ee Mungu, uliyemwita Bezaleli kwa jina, wajaze watoto wetu hekima ya kubuni na moyo wa kumfikiria mwingine. Utupe sisi watu wazima uvumilivu wa kuwaacha wajaribu. Kwa Yesu Kristo, aliyejulikana Nazareti kuwa seremala. Amina.