Usikiri Ili Uwahi Nyumbani

Wanangu, nimechoka kulirudia neno hili, lakini nitalirudia hadi liwaingie: shtaka halikubaliwi ili mtu awahi nyumbani.

Kila Jumatatu kizimbani hujaa vijana waliolala korokoroni tangu Ijumaa. Hawajaoga, hawajala wakashiba, na kuna mtu amewanong'oneza: "Kubali tu, utalipa faini uende zako." Karani anasoma shtaka, kijana anajibu haraka, "Ni kweli."

Aliyekosa na akiri; kukiri ni uungwana. Nasema nawe usiyekosa, au uliyejibu usichokielewa. Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya kinakupa mkalimani bila malipo. Na tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, mwaka 1973, mahakama hutakiwa kukusomea shtaka kwa lugha unayoifahamu na kuandika jibu lako kwa maneno yako. Kisha mwendesha mashtaka hueleza kosa lilivyotendeka, nawe unaulizwa kama maelezo hayo ni sawa. Hapo ndipo wengi wenu mnapoinamisha kichwa na kuitikia. Ukisema, "Simu nilikutwa nayo, ila niliinunua sokoni, sikujua ni ya wizi," hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana, mashahidi waitwe.

Na kama umeshakubali, bado una nafasi. Kabla adhabu haijatolewa, omba kubadilisha jibu, ueleze sababu: hukuelewa lugha, ulitishwa, ulidanganywa. Hakimu ataipima. Kuogopa kifungo peke yake si sababu.

Ukingoja hadi ufungwe, umejifunga mara mbili. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai hakimruhusu aliyekiri kukata rufaa ila kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Mahakama Kuu huweza kuingilia pale jibu lilipochukuliwa kombo, lakini hayo utayapigania ukiwa gerezani, mama yako akiuza kuku amlipe wakili.

Najua siku moja zaidi rumande ni chungu. Hata hivyo itapita. Rekodi ya jinai utakutana nayo kila utakapoomba cheti cha tabia njema ili upate kazi. Basi kizimbani msiharakishe, wanangu. Usipoelewa, sema hujaelewa. Na ukiwa umekubali lisilo lako, likane kabla hakimu hajatamka adhabu.